Kamera ya kopo inatoa picha mbovu? Isome karatasi kabla hujaligusa kopo

Watu wengi wanaotengeneza kamera yao ya kwanza kwa mikono wanaishia njiani kwa sababu moja tu, picha ya kwanza inatoka nyeusi tii, basi wanabadilisha kila kitu kwa mpigo, kitundu kipya, tepu mpya, muda mpya, dawa mpya, afu picha ya pili inatoka nyeupe pee na hapo hawajui tena kipi kimesababisha nini. Mi nimekaa na makopo haya miaka mingi na nayapenda mno, na ninachokipenda zaidi ni kwamba kamera ya namna hii haina siri. Ni giza, kitundu na karatasi, basi. Kosa likitokea linaacha alama kwenye karatasi, na alama hiyo ina mahali, ina umbo, ina mwelekeo, yani ukiisoma kwa utulivu inakushika mkono mpaka kwenye kosa lenyewe. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja tu kwa kila picha, na andika nyuma ya karatasi kwa penseli: muda, hali ya jua, kopo gani. Bila hayo maandishi unabahatisha.

Hapa naongelea kopo au boksi lenye kitundu cha sindano, ndani kuna karatasi nyeusi-nyeupe ya picha, ile unayosafisha kwa dawa kwenye trei chini ya taa nyekundu. Kumbuka inachotoa ni negativu, palipopigwa na mwanga panakuwa peusi, palipobaki gizani panabaki peupe. Nikisema doa jeusi ujue hapo mwanga uliingia.

Anza na vipande viwili

Mara nyingi sana kamera haina kosa lolote, kosa liko kwenye chumba cha giza. Kata kipande cha karatasi upana wa vidole viwili, kipeleke kwenye mwanga sekunde chache, kitumbukize kwenye developa, yani dawa inayotokeza picha. Kinatakiwa kiwe cheusi tii ndani ya dakika moja au mbili. Kikiishia kijivu basi developa imechoka, au umeizimua mno, au ina baridi. Dawa nyingi za karatasi zimepangwa kwa nyuzi joto 20, na kuna kemikali humo ndani inaitwa haidrokwinoni ambayo ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi ni kama imelala, haifanyi kazi, kwa hiyo kabla hujamwaga dawa weka trei juu ya beseni la maji ya uvuguvugu ujaribu tena.

Kipande cha pili kitoe kwenye pakiti gizani kabisa, kisione hata taa nyekundu, kisafishe kwa muda wako wa kawaida kisha kiingize kwenye fiksa, ile dawa inayofanya karatasi isiathirike tena na mwanga. Lazima kitoke cheupe. Kikitoka na ukijivu basi karatasi yenyewe imeshaingiwa na mwanga huko nyuma au imezeeka, na hakuna kamera itakayokuokoa hapo.

Vyote viwili vikipita bado kuna taa nyekundu. Weka kipande kingine mezani pale pale unapofanyia kazi, juu yake weka sarafu, acha taa iwake dakika 5, kisha safisha. Ukiona duara jeupe la sarafu, taa yako si salama. Isogeze mbali au tafuta nyingine. Balbu nyeupe iliyopakwa rangi nyekundu mara nyingi ndo inaleta hii shida manake rangi haizuii mwanga wote, na kuna kingine watu wanasahau, simu inayowaka kioo ghafla ukiwa umefungua pakiti. Iache nje ya chumba.

Karatasi nyeupe kabisa

Kama kipande cha kwanza kilikuwa cheusi vizuri, basi mwanga haukufika kwenye karatasi, au ulifika kidogo mno. Kwanza chungulia kitundu, toa karatasi, fungua kopo, elekeza kitundu dirishani uangalie kutoka ndani. Unatakiwa uone nukta ya mwanga inayong'aa. Mara nyingine rangi nyeusi uliyopulizia ndani imeziba kitundu chenyewe, au gundi ya tepu unayofungia kitundu imebaki juu yake. Mara nyingine karatasi imejikunja mbele ya kitundu.

Pili, karatasi inaweza kuwa imegeuzwa. Gizani ni rahisi sana kukosea. Ikigeuka mwanga unapita kwenye mgongo wa karatasi kwanza na unapata picha hafifu sana yenye ukungu, au hupati kitu. Upande wenye dawa unang'aa zaidi chini ya taa nyekundu, na karatasi hupenda kujikunja kuelekea upande huo. Ukibaki na wasiwasi lowesha kidole kidogo uguse kona, upande wenye dawa unanata.

Tatu, ulianza na trei ya fiksa badala ya developa. Hii inatokea kwa kila mtu, panga trei kushoto kwenda kulia siku zote na usibadilishe.

Nne, na hii ndo ya kawaida kuliko zote, muda hautoshi. Hapa lazima tufanye hesabu kidogo, ni hesabu tamu. Pima umbali kutoka kitundu mpaka karatasi, gawanya kwa upana wa kitundu. Umbali milimita 100, kitundu milimita 0.45, unapata f/222 hivi, yani umbali ni mara 222 ya upana wa kitundu. Karatasi ina wepesi mdogo sana, wengi tunaihesabu kama ISO 3 mpaka 6 (ISO ni namba ya wepesi wa kuona mwanga, ikiwa ndogo inataka muda mrefu). Chini ya jua kali, kwa f/16, karatasi ya ISO 6 inataka sehemu moja ya sita ya sekunde. Sasa 222 ukigawa kwa 16 unapata karibu 14, zidisha 14 kwa 14 ni 196, gawa kwa 6, unapata sekunde 32 au 33. Basi jua kali ni nusu dakika, mawingu mepesi ni dakika 2 mpaka 4, kivuli kizito ni zaidi ya hapo. Kopo lako likiwa na vipimo vingine fuata njia hiyo hiyo.

Na kuna mtego wa jioni. Karatasi hii inaona bluu na kijani, nyekundu haioni, ndo maana tunaweza kuwasha taa nyekundu. Sasa jua likishuka mwanga unageuka wa dhahabu, macho yako yanaona bado kumekucha, programu ya kupima mwanga kwenye simu nayo inakuambia hivyo hivyo, lakini bluu imeshapungua sana na karatasi inakaa gizani. Saa za jioni zidisha muda mara mbili au tatu. Ndani ya nyumba chini ya balbu ya njano ni hivyo hivyo.

Nyeusi tii

Usiitupe, iangalie pembeni. Kama uliishikiza karatasi kwa vipande vya tepu kwenye kona, angalia chini ya hizo tepu. Kona zikiwa nyeupe safi, karatasi ilipigwa na mwanga ikiwa ndani ya kopo, ama muda ulizidi ama kopo linavuja vibaya. Kona nazo zikiwa nyeusi, mwanga uliingia kabla ya kuifunga ndani au baada ya kuitoa, huko kwenye pakiti au chumba cha giza, kopo liache.

Kutofautisha muda uliozidi na kuvuja, angalia karatasi inavyobadilika ndani ya developa. Picha iliyopata mwanga sawa inaanza kujitokeza baada ya sekunde 15 au 20 hivi na inakamilika ndani ya dakika moja mpaka mbili. Iliyozidi inaruka nyeusi ndani ya sekunde chache, lakini katika hizo sekunde chache unaiona sura ya picha inapita, mti, dirisha, mstari wa paa. Ukiiona hiyo sura punguza muda kwa nusu, basi. Usijaribu kuiwahi kwa kuichomoa mapema kwenye dawa, unapata mabaka na rangi ya tope, iache imalize. Ikiwa nyeusi bila sura yoyote kupita, hiyo ni kuvuja.

Michirizi, madoa na utando mweusi

Hapa ndo penye utamu wenyewe, na ndo sehemu ninayoweza kukaa nayo siku nzima.

Kipimo cha kwanza: pakia karatasi, acha kitundu kimefungwa, weka kopo juani dakika 10 ukiligeuza kila upande, safisha. Ikitoka nyeupe kopo halivuji na shida ni kitu kingine, nitakuja huko. Ikitoka na alama, kabla hujaitoa kwenye kopo uwe umetia alama ya penseli juu ni wapi, kisha irudishe ndani ilivyokuwa, hata ikiwa imelowa, uone doa linaangalia wapi. Watu wanachanganyikiwa hapa kwa sababu wamezoea picha kuwa kichwa chini. Picha ndo imepinduka kwa sababu miale ilipishana kwenye kitundu, mwanga unaovuja haupiti huko. Doa likiwa karibu na mfuniko, mwanga umeingia mfunikoni.

Utando mpana unaofifia taratibu kutoka ukingo mmoja ni mfuniko usiokaza. Zungushia tepu nyeusi, au gundisha utepe wa karatasi nyeusi ndani ya ukingo ili mwanga ulazimike kupiga kona mbili kabla ya kufika ndani. Mfuniko wa plastiki unadanganya sana, unauona mweusi lakini jua kali linapenya plastiki yenyewe. Weka taa ya simu ndani ya kopo, funga, ingia chumba cha giza usubiri macho yazoee dakika kadhaa, utashangaa plastiki inavyong'aa. Ifunike na karatasi ya alumini au ipake rangi tabaka mbili tatu. Kwa kipimo hiki hiki mi niliwahi kugundua kwamba boksi nililolipenda sana, la kadibodi nene, lilikuwa linavuja kwenye kona zote nne pale kadibodi ilipokunjwa, rangi ilikuwa imepasuka nywele nywele, na nilikuwa nimeshapoteza karatasi kumi na kitu nikilaumu mfuniko.

Mchirizi mwembamba mkali unaotokea pembeni mwa kitundu ni bati la kitundu, kile kipande chembamba ulichokitoboa, halijakaa vizuri, mwanga unapita kati ya bati na ukuta wa kopo. Ligundishe kwa tepu pande zote nne bila kuacha nafasi.

Halafu kuna alama inayonifurahisha kila ninapoiona: picha mbili, moja kali na nyingine hafifu imesogea pembeni, na zote mbili zina umbo kamili. Hiyo haijavuja ovyo, una kitundu cha pili! Mahali fulani kuna tobo dogo, labda msumari ulipita au kutu imekula bati, nalo linapiga picha yake. Tafuta upande ule ambao picha ya pili imesogelea, kwa sababu kitundu kikihama kulia na picha yake inahama kulia.

Sasa kama kipimo cha juani kilitoka cheupe lakini picha zako zina upinde mweusi kama mwezi mchanga, huo ni mng'ao wa ndani. Jua limeingia kwenye kitundu, limegonga ukuta wa bati unaong'aa, limerudi kwenye karatasi. Rangi nyeusi yenye kung'aa haisaidii, nayo ni kioo, tumia isiyong'aa au bandika karatasi nyeusi ndani kote. Na kwenye kopo la duara karatasi ikizunguka zaidi ya nusu ya kopo, inaanza kujiangalia yenyewe, upande mmoja unamulika wa pili. Ipunguze.

Picha ipo ila haijakaza

Kabla ya yote, kamera ya kitundu haikazi kama ya lenzi, ina ulaini wake na huo ni uzuri wake. Lakini ukungu una aina zake, na kila aina inasema kitu. Tafuta kwenye picha kitu kidogo chenye kung'aa, tone la mwanga kati ya majani au kioo cha gari kwa mbali.

Tone likiwa limeburuzwa kuwa mstari, kamera ilitikisika. Mara nyingi ni wewe unapobandua tepu. Weka jiwe juu ya kopo, na tumia kadi nyeusi: ishike mbele ya kitundu bila kugusa kopo, bandua tepu, hesabu mpaka tano kopo litulie, ondoa kadi. Ukimaliza rudisha kadi kwanza, ndo ufunge tepu. Kama vitu vyote vimetulia isipokuwa majani na nguo kwenye kamba, huo ni upepo, kamera yako haina kosa.

Tone likiwa duara pana laini, kitundu ni kikubwa. Hili jambo mwanasayansi Ibn al-Haytham alilieleza karibu miaka 1000 iliyopita, aliona kwamba wakati wa kupatwa jua, umbo la mwezi mchanga linaonekana ukutani pale tu tundu likiwa dogo, likiwa pana unaona duara la tundu lenyewe. Ila usikimbilie kutoboa kadogo kuliko vyote, manake kitundu kikiwa kidogo mno mwanga wenyewe unasambaa ukipita na picha inalainika tena, na juu ya hapo unasubiri dakika nyingi. Kuna katikati yake. Kanuni inayotumika sana imetokana na kazi ya mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza: chukua umbali kwa milimita, zidisha kwa 0.00055, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.9. Kwa milimita 50 unapata 0.32, kwa 100 ni 0.45, kwa 150 ni 0.55 hivi.

Kukipima ni rahisi ukiwa na skana. Skani bati kwa dpi 1200, yani pikseli 1200 kwa kila inchi ya milimita 25.4, hesabu pikseli za kitundu kutoka ukingo mpaka ukingo, zidisha kwa 25.4 gawa kwa 1200. Pikseli 21 ni karibu milimita 0.45. Hapo hapo utaona na umbo. Kitundu cha mviringo safi ndo kinatakiwa, chenye meno kinatoa picha ya ovyo hata kikiwa na upana sahihi. Namna ya kukipata: bati la kopo la soda, liweke juu ya kadibodi, kandamiza ncha ya sindano mpaka kivimbe kitokee upande wa pili, usitoboe, sugua kivimbe kwa msasa laini wa 600, geuza, ingiza ncha tena taratibu ukizungusha, sugua tena. Ni kazi ya dakika 20 na haitaki haraka. Mi nikikaa mezani na hiki kipande cha bati saa inapita sijui.

Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine una ukungu, karatasi ilivimba au iliachia upande huo wakati unasubiri. Ishikize vizuri.

Kona zimebaki nyeupe kwenye negativu

Kona ziko mbali na kitundu kuliko katikati na mwanga unazifikia kwa mshazari, hiyo ni kawaida kamera ikiwa fupi na karatasi pana. Ukiikunja karatasi ifuate duara la kopo pembeni panapata mwanga zaidi, ila mistari iliyonyooka inapinda. Lakini ukiona duara lenye ukingo mkali kabisa, bati lako ni nene, kitundu kimekuwa kama bomba. Lisugue liwe jembamba.

Anga limeungua, kivuli hakina kitu

Karatasi inapenda kupitiliza, nyeusi sana na nyeupe sana bila katikati. Kama karatasi yako ni ile ya kubadilisha kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) kwa filta, yani kichujio cha rangi, weka filta ya njano mbele ya kitundu inatulia, ila ongeza muda. Njia nyingine ni kuipa karatasi mwanga kidogo sana kabla ya kuipakia, kiasi ambacho ukiisafisha hivyo hivyo bado inaonekana nyeupe, jaribu kwa vipande ukiongeza sekunde moja moja chini ya taa hafifu mpaka upate ukijivu wa kwanza, kisha rudi hatua moja. Hii inaamsha vivuli vizuri sana. Kwa kuanzia tu, piga siku ya mawingu.

Ukitumia kiberiti na filimu ya 35 mm

Boksi la kiberiti ni tamu lakini makosa yake ni tofauti. Filimu inaona rangi zote kwa hiyo taa nyekundu ni marufuku. Picha zikipandiana, hujavuta vya kutosha. Weka kipande cha plastiki kinachogusa matundu ya pembeni ya filimu kilie kila tundu linapopita, kila tundu ni milimita 4.75, kwa picha ya milimita 24 vuta milio 6, unabaki na nafasi kidogo katikati. Usiposikia mlio usilazimishe, filimu imekwama au imechanika, ingia gizani ufungue. Madoa yanayojirudia umbali ule ule ni mwanga unaoingia pale filimu inapotoka kwenye kopo lake kuingia kiberiti, ongeza tepu hapo. Muda ni mfupi sana, kina cha milimita 14 na kitundu cha 0.17 kwa ISO 100 juani ni robo sekunde hivi kwa hesabu, mi naacha nusu mpaka sekunde nzima manake negativu ya filimu inavumilia mwanga ukizidi kidogo.

Madogo madogo

Alama za vidole nyeusi ni developa mikononi ulipogusa karatasi kavu, nyeupe ni fiksa, nawa na ukaushe kabla ya kugusa pakiti. Rangi ya kahawia inayotokea baada ya wiki kadhaa ni fiksa iliyochoka au hukuosha vya kutosha. Na maandishi yakisomeka kinyume baada ya kuskani na kugeuza nyeusi kuwa nyeupe, hapo hakuna kosa, negativu ya karatasi ukiiangalia upande wenye dawa lazima iwe hivyo, igeuze kushoto kulia kwenye programu, au ilaze uso kwa uso na karatasi mpya chini ya kioo, washa taa sekunde chache, na picha itatoka wima na sahihi.